MODFLOW na QGIS kwa kazi za visima Pwani: njia tatu za bure, na nimebaki na ipi

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: kama unafanya kazi za maji ya ardhini huku Pwani na huna pesa ya leseni, chukua QGIS kwa ramani, chukua ModelMuse kwa kujenga modeli, na ukishazoea kuandika skripti kidogo hamia FloPy. Ile habari ya kutafuta programu moja inayofanya kila kitu ndani ya dirisha moja mimi nshaiacha kitambo, na hapa chini ntasema kwa nini.

Kwa asiyejua, MODFLOW ni programu ya kuhesabu mwendo wa maji ya ardhini, hesabu ambayo tunaiita modeli. Ni ya USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, iko tangu 1984 na ni ya bure kabisa, toleo linalotumika sana sahivi ni MODFLOW 6 lililotoka 2017. Inaikata ardhi vyumba vyumba, kila chumba inahesabu maji mangapi yameingia na mangapi yametoka kwa jirani zake, mpaka hesabu itulie. Iko sawa sana kwenye hesabu lakini haijui dunia. Yenyewe inajua tabaka la 2, mstari wa 32, safu ya 14, basi, ukiiambia Kisauni au Likoni haikuelewi. QGIS nayo ni kinyume chake, inajua kila kitu kiko wapi mpaka choo cha nyuma ya nyumba ukikichora, lakini ukiiuliza maji ya chini yanaelekea wapi na kwa kasi gani haina jibu. Sasa kazi yote ya kuunganisha hizi mbili ni kumfanya yule wa hesabu ajue mahali, na yule wa ramani aweze kuonyesha hesabu, na hapo ndipo watu wanapopoteza wiki nzima kwa vitu vidogo vidogo.

Huku kwetu si mchezo wa chuo. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima Springs kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale, na yakikatika (na yanakatika, mwajua wenyewe) kila mtu anarudi kisimani. Hoteli inavuta, msikiti unavuta, shule inavuta, mwenye ploti ya kupangisha anavuta, wa mkokoteni anajaza mitungi yake, na wote hao wako juu ya jiwe la matumbawe ambalo limekaa juu ya maji ya bahari. Ile kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukishusha sentimita 10 tu kwa pampu, kwa hesabu hiyo chumvi inapanda kama mita 4. Sasa mzee mmoja wa Bamburi alivoniambia, "Mwanangu, mimi hizo rangi rangi zako sizitaki, nambie tu nikichimba hapa yatatoka matamu au ya chumvi?" nikamwambia mzee wangu hizo rangi ndio jibu lenyewe, ngoja nikuonyeshe.

Njia ya kwanza ni hii ya plagini, yaani kiprogramu kinachopachikwa ndani ya programu nyingine, kila kitu ndani ya QGIS. Inayojulikana zaidi ni FREEWAT, ilitoka kwenye mradi wa Jumuiya ya Ulaya wa Horizon 2020, na kwa kweli wazo ni zuri sana. Ndani yake muna MODFLOW-2005, muna mambo ya uchafu na chumvi kusafiri ardhini, na data zako zote zinakaa kwenye hifadhidata moja ya SpatiaLite. Kila tabaka la modeli ni leya ya kawaida ya ramani, chumba ni poligoni (umbo lililofungwa), na ukifungua jedwali lake unaona TOP (juu ya tabaka), BOTTOM (chini yake), KX (upenyezaji wa maji) na wenzake, kila kimoja kwenye kikolamu chake. Kwa kumfundisha mwanafunzi hakuna kama hii, manake anaona kwa macho kwamba hiki kimraba ni hapa Mtwapa na ndani yake muna namba hizi. Ningekuwa mwalimu ningeanza nayo.

Lakini mimi nina kipimo kimoja ninachopimia hizi programu zote. Najenga modeli kwa vyumba vya mita 200, naijaza vizuri, alafu nabadili mawazo, naitaka vyumba vya mita 50. Kuna nini kimebaki? Manake kwenye kazi ya kweli lazima utabadili mawazo, mteja ataongeza kisima, utapata data mpya, utagundua karibu na ufuo vyumba ni vikubwa mno. Ukiweka namba kwenye jedwali la poligoni, namba ni mali ya kile chumba, chumba kikiondoka na namba imeondoka nacho. Na usisahau kutoka mita 200 kwenda 50 kila chumba kimoja kinazaa 16, kwa hivo modeli ya vyumba 30,000 inakuwa na 480,000 kwa tabaka moja tu, sasa kaa uyajaze hayo majedwali upya tuone. Kuna na la pili, plagini inategemea QGIS yenyewe isibadilike. QGIS 3 ilipotoka 2018 ilihama kutoka Python 2 kwenda Python 3, lugha ambayo plagini zinaandikwa nayo, plagini zote za zamani ikabidi ziandikwe tena, na ambayo mwenyewe hakuiandika tena imebaki kwenye kompyuta za watu waliokataa kusasisha. Najua ofisi bado wana QGIS 2.18 kwenye mashine moja pembeni, haiguswi, imewekewa karatasi USIZIME.

ModelMuse sasa. Hii pia ni ya USGS, pia bure, na siyo ramani, ni programu yake peke yake iliyo pembeni ya QGIS. Ukiiangalia mara ya kwanza utaicheka, sura yake ni ya zamani, vitufe vidogo vidogo, menyu ndani ya menyu. Usiicheke. Walioijenga waliweka jambo moja ambalo kwangu mimi linashinda uzuri wote wa sura: data ya mahali haikai ndani ya vyumba, inakaa kwenye maumbo. Unaingiza shepufaili (faili la ramani lenye maumbo na jedwali lake) yako ya jiolojia, poligoni ya matumbawe inabaki poligoni ya matumbawe, unaiambia "vyumba vyote vilivyo ndani yako vipe upenyezaji huu", na ukibadilisha ukubwa wa vyumba yenyewe inahesabu upya nani yuko ndani na nani yuko nje. Na wakati vilevile, ukiweka tarehe za pampu kuwashwa na kuzimwa hazifungwi na vipindi vya modeli. Kile kipimo changu cha 200 kwenda 50 ilipita kwa muda wa kunywa chai, na ukiwa na MODFLOW 6 huhitaji hata kuvifanya vyote vidogo, unaipa ikate vidogo karibu na visima tu na kule nyuma mashambani viachwe vikubwa.

Mfano wa karibu. Ufuo na mikono ya bahari, yaani Tudor, Port Reitz, Mtwapa, hivi kwenye modeli ni mpaka ambapo maji ya ardhini yanakutana na bahari. Kwenye QGIS ni mstari mmoja tu umejipinda. MODFLOW yenyewe inataka kila chumba kilichopitiwa na ule mstari kipewe namba ya urahisi wa maji kupita, na hiyo namba inategemea mstari umekatiza urefu gani ndani ya chumba kile, chumba kingine mita 60, kingine mita 3 za pembeni tu. Ukifanya kwa Excel utazeeka. ModelMuse inapima yenyewe urefu wa kila kipande na kuzidisha, wewe unaweka thamani kwa mita moja na kuondoka. Alafu safu zilizoko ndani ya shepufaili unaweza kuziita kwa jina kwenye fomula, kwa hivo kama fundi wako wa vipimo ameandika kina cha kila kisima kwenye jedwali, kinakuja moja kwa moja.

Hapo kwenye majina ya safu kuna shimo watu wengi wanatumbukia. Shepufaili ni ya zamani, jina la safu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Sasa mtu anaandika kina_cha_maji_masika na kina_cha_maji_vuli, zikikatwa zote mbili zinakuwa kina_cha_m, programu inaigeuza ya pili kwa kuibandika namba, na wewe wiki mbili baadaye hujui masika ni ipi na vuli ni ipi. Andika kina_msk na kina_vuli toka mwanzo, uokoe roho yako.

Upungufu wa ModelMuse ni kwamba usiitegemee kwa mambo ya datamu, yaani ule msingi ambao ramani inahesabia mahali, na huku Kenya hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavodhani. Zile ramani za zamani za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960, GPS ya simu yako iko kwenye WGS84, zote zinasema UTM (vipimo vya mahali kwa mita) zoni 37 kusini, zote zinatoa namba zinazofanana fanana, lakini baina yao kuna karibu mita 300. Mita 300 Nairobi labda utasema si kitu, hapa Nyali mita 300 ni tofauti ya kisima kuwa kwenye ploti na kisima kuwa baharini. Kwa hivo sheria yangu ni hii, kuhamisha datamu kunafanyika QGIS na QGIS peke yake, Arc 1960 ni EPSG 21037, WGS84 ni EPSG 32737 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo wa ramani), kila kitu kinageuzwa kiwe 32737, kinahifadhiwa faili jipya, ndio kinaingia ModelMuse. Na kabla ya hapo pitia jedwali la visima uone alama ya kutoa. Mombasa iko digrii 4 kusini, mtu akisahau kile kijistari kidogo mbele ya 4.03 visima vyote vya Kisauni vinaruka ikweta vinaenda kutua Ethiopia, kupita Moyale. Hio angalau unaiona mara moja. Kibaya ni yule aliyeandika digrii na dakika kama desimali, kisima kinahama kilomita kadhaa na bado kiko Pwani, humshtukii.

Kuna jambo jengine ambalo hakuna programu itakayokusaidia, na urahisi wa hizi programu ndio unalifanya liwe hatari zaidi, nalo ni kimo. Kuunganisha GIS (programu za ramani kama QGIS) na modeli kumefanya iwe rahisi mno kupakua ile rasta ya SRTM, yaani ramani ya vimo vya ardhi, kubonyeza, na tabaka la juu la modeli limejaa. Tamu. Lakini SRTM ilipigwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, usahihi wake wa kwenda juu uliokusudiwa ni ndani ya mita 16, mara nyingi inafanya vizuri kuliko hivo lakini pia inaona vichwa vya minazi na mapaa ya nyumba badala ya ardhi. Na sisi hapa tunazungumzia maji yaliyo mita moja, mita moja na nusu juu ya bahari. Unapima kina cha maji kisimani kwa kamba, unatoa kwenye kimo cha SRTM, unapata maji ya kisima cha Mkomani yako mita 5 chini ya bahari na bado ni matamu, miujiza hio. GPS ya mkononi nayo kuna zinazotoa kimo cha duaradufu (umbo la dunia la kihesabu), ambacho huku kwetu kimetofautiana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Mlipe mpimaji aje na chombo cha leveli apime mdomo wa kila kisima mnachokitegemea. Ndio pesa pekee utakayotumia kwenye kazi hii yote ya bure, usiibanie.

Na yunit, yaani vipimo vya namba zako, jamani yunit. Mvua ya hapa ni kama milimita 1,000 kwa mwaka, tuseme asilimia 10 ndio inazama mpaka chini, hizo ni milimita 100. Modeli yako iko kwa mita na siku. Inatakiwa 0.000274. Ukiweka 0.274 umeifanya Mombasa yote ikae chini ya maporomoko, na modeli haitakuzuia, itahesabu tu kwa adabu ikupe mlima wa maji chini ya Bombolulu.

FloPy ndio nilipofika mimi. Ni maktaba ya Python, unaandika modeli kama barua, mstari kwa mstari, inakuandikia mafaili ya MODFLOW, inaendesha, inasoma majibu. Haina dirisha, haina kitufe. Kwa mtu asiyependa kuandika kodi za kompyuta ni adhabu na simlaumu. Lakini kile kipimo changu hapa hakina hata maana, unabadilisha namba moja juu ya skripti kutoka 200 kuwa 50 na kuiendesha tena, na yule anayekagua kazi yako anaweza kusoma ulichofanya badala ya kukuuliza ulibonyeza wapi. Kuna kifaa ndani yake kinaitwa GridIntersect, unakipa mstari wa ufuo kutoka QGIS, kinakurudishia orodha ya vyumba na urefu wa kila kipande, mambo yaleyale ya ModelMuse ila hapa unayaona kwa macho. Habari ya chumvi nayo iko, MODFLOW 6 ina kipande kinaitwa BUY kinachohesabu uzito tofauti wa maji, manake maji ya bahari ni mazito kidogo na ukienda mita 40 chini ya usawa wa bahari yanasukuma kama vile kuna mita 1 ya ziada ya maji matamu, ukiweka kimo cha maji cha sifuri tu pale baharini toka juu hadi chini umeipunja bahari nguvu yake.

Mtego wa FloPy ni kona. Mistari ya MODFLOW inahesabiwa kutoka juu, kaskazini, kuja chini. FloPy unapoiambia gridi yako iko wapi duniani inataka kona ya chini kushoto. Na Python inaanza kuhesabu na sifuri wakati mafaili ya MODFLOW yanaanza na moja. Ukichanganya hayo, ramani ya majibu inatoka nzuri, ina rangi, ina vipeo, ila imehama au imesogea chumba kimoja, na hapo ndio unamshauri mtu achimbe upande wa barabara usio wake. Dawa yake ni kabla ya yote kutoa gridi tupu kuwa shepufaili, kuifungua QGIS juu ya picha ya setilaiti, na kuangalia kama kona ya gridi imekaa pale ulipoitaka, kwa mfano juu ya mlango wa bahari wa Kilindini. Dakika mbili.

Raha yenyewe inakuja mwisho, kurudisha majibu kwenye ramani, na hapa ModelMuse na FloPy zote ziko sawa. MODPATH, programu mwenza wa MODFLOW, inafuata matone ya maji kinyumenyume kutoka kisimani kwenda yalikotoka, njia zile unazitoa kama shepufaili, unazitandika QGIS juu ya nyumba na vyoo vya shimo. Hapo hata asiyejua kusoma grafu ataelewa. Yule mzee wa Bamburi alipoona mistari inapita chini ya ploti ya jirani yake na tangi la maji taka la jirani liko katikati ya njia, alinyamaza kidogo, alafu akauliza, "Na tukisogeza huku?" Tukasogeza, tukaendesha tena palepale, mistari ikapita pengine. Swali kama lile ndio linaonyesha kama muungano wako unafanya kazi au ni wa kuazima. Lakini nilimwambia pia, na nakwambia wewe, jiwe letu lina mapango na nyufa, MODFLOW inalichukulia kama sifongo lililo sawa sawa, kwa hivo ile mistari ni ya kukisia upande na masafa, usiichukue kama bomba.

Zile za kulipia, GMS, Visual MODFLOW Flex, Groundwater Vistas, FEFLOW, sitazitia makosa, ni nzuri na sura zao zinapendeza, kama mradi una mfadhili na leseni ya maelfu ya dola iko kwenye bajeti chukua ustarehe. Nyingi ndani yake zinaendesha MODFLOW hiyohiyo. Shida ni leseni ikiisha na modeli ndio imefungiwa humo, kaunti au kampuni ya maji inabaki na ripoti ya PDF na hakuna wa kuifungua modeli tena. Nimeona modeli nzuri ya konsaltanti mmoja imekufa hivo.

Kwa nyota, kama munazitaka: QGIS tano, ModelMuse nne (moja nimekata kwa sura na kwa datamu), FloPy nne na nusu kwa anayejua Python na mbili kwa asiyejua, plagini tatu kazini na tano darasani.

Walioniuliza kuhusu mashine: laptopu ya RAM 8 inatosha kwa modeli za kawaida za kata moja au mbili. ModelMuse ni ya Windows. FloPy, QGIS na MODFLOW 6 zote zinakwenda pia kwenye Linux na Mac. MODFLOW yenyewe ni nyepesi, anayekula bando ni QGIS, ni karibu gigabaiti moja, ipakue usiku. Na mafaili ya modeli yaweke kwenye folda yenye jina fupi lisilo na nafasi, C:\modeli\kisauni, usiweke Desktop ndani ya "Kazi mpya ya mzee FINAL 2", utaniletea malalamiko hapa.